Kukadiria Hewa Ukaa Inayofyonzwa na Kutolewa na Ardhi ya Afrika: Kutoka Data za Mnara hadi Ramani ya Bara

Mwongozo huu ni kwa mtu aliyekwisha kupata data za kila nusu saa kutoka mnara unaopima ubadilishanaji wa hewa ukaa baina ya ardhi na anga, na ambaye anataka kuzitumia kukadiria hali ya bara zima. Mfano wetu ni Afrika, ambako minara hiyo ni michache mno. Mnara wa Skukuza katika Hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, ulianza kazi mwaka 2000 na kumbukumbu zake ni miongoni mwa zilizo ndefu zaidi barani, ilhali msitu wa Bonde la Kongo ulingoja hadi mwaka 2020 kupata mnara wa Yangambi wenye urefu wa mita 55. Kwa uchache huo, kosa dogo katika kuchakata data za mnara mmoja husambaa juu ya eneo kubwa sana, na ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye mnara kuliko kwenye ramani.

Hatua ya 1: Fahamu kinachopimwa

Juu ya mnara kuna anemomita ya mawimbi ya sauti, inayopima hewa inavyopanda na kushuka, pamoja na kichanganuzi cha gesi, na vyote viwili husoma mara 10 au 20 kwa sekunde. Hewa inayoshuka ikiwa na hewa ukaa nyingi kuliko inayopanda, mimea inafyonza; ikiwa kinyume chake, mimea na udongo vinatoa. Kwa desturi, ufyonzaji huandikwa kwa alama ya kutoa (−). Kipimo ni mikromoli (sehemu ya milioni ya moli) kwa mita ya mraba kwa sekunde, na mikromoli moja ikidumu mwaka mzima ni takriban gramu 379 za kaboni kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo upotofu wa nusu mikromoli, ambao machoni huonekana mdogo, waweza kuifanya savana inayofyonza kaboni ionekane inaitoa.

Hatua ya 2: Hakiki saa

Chora mionzi ya jua ya kila siku na uhakikishe kilele chake kinaangukia adhuhuri ya mahali penyewe. Katika kituo kimoja nilikofanya kazi, daftari liliandikwa kwa saa za Kiswahili na kompyuta ikahesabu kwa saa za Greenwich. Saa mbili ya asubuhi katika daftari nikaisoma kuwa saa mbili baada ya usiku wa manane, na matengenezo ya mchana nikayahesabu kuwa ya usiku, hata nikafuta data nzuri za wiki tatu. Tangu hapo siendelei kabla ya kuona mchoro huo.

Hatua ya 3: Ondoa vipimo visivyoaminika

Futa vipimo vya wakati wa mvua kubwa, vya wakati umeme ulipokatika, na vya usiku uliotulia. Hivi vya mwisho ndivyo vinavyodanganya zaidi, kwa kuwa hewa isipotikisika, hewa ukaa inayotolewa na udongo hubaki chini ya majani au hutiririka kufuata mteremko bila kufika kwenye vifaa. Tafuta kiwango cha kasi ya msuguano (kipimo cha jinsi hewa inavyotikisika) ambacho chini yake vipimo vya usiku huanza kupungua, kisha uondoe vyote vilivyo chini ya kiwango hicho. Katika msitu mrefu ongeza pia mabadiliko ya hewa ukaa iliyohifadhiwa kati ya ardhi na kilele cha mnara, yanayopimwa kwa mirija ya kuvuta hewa katika vimo mbalimbali.

Hatua ya 4: Jaza mapengo, na uchunge mvua za kwanza

Programu ya REddyProc, iliyotengenezwa na Taasisi ya Max Planck mjini Jena, Ujerumani, hujaza pengo kwa wastani wa nusu saa nyingine zenye mionzi, joto na ukavu wa hewa unaofanana, ndani ya siku chache kabla na baada. Ni mbinu nzuri, lakini misingi yake ilijengwa hasa kwa misitu ya Ulaya, ambako joto ndilo linalotawala upumuaji wa udongo, yaani utoaji wake wa hewa ukaa. Kwetu unyevu ndio mtawala. Mtafiti H. F. Birch, akiwa Muguga karibu na Nairobi, alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba udongo uliokauka ukiloweshwa, vijidudu vyake huamka na kutoa hewa ukaa kwa wingi kwa muda mfupi. Mnara huuona mlipuko huo kwa siku chache tu, na mara nyingi ndizo siku ambazo mvua imevilowesha vifaa.

Kwa hiyo usiruhusu dirisha la kujazia, yaani siku zinazochukuliwa wastani, livuke siku ya mvua ya kwanza. Gawa data kwa unyevu wa udongo, jaza kila kundi peke yake, na unapotenganisha usanisinuru na upumuaji, tafuta uhusiano wa joto na upumuaji ndani ya kila kundi.

Hatua ya 5: Panua hadi bara

Unganisha matokeo ya minara na picha za satelaiti za ukijani wa mimea, pamoja na mvua na mionzi, kisha ufunze modeli ya kompyuta ikadirie maeneo yasiyo na mnara. Unapoipima, ficha kituo kizima. Ukificha siku chache tu za kituo ambacho modeli imekwisha kukijua, alama zake zitakuwa za juu isivyostahili. Maeneo yasiyofanana na mnara wowote yapakwe rangi ya pekee kwenye ramani.

Hatua ya 6: Ongeza moto, kisha ulinganishe na anga

Mnara hauhesabu moto unaounguza nyasi mbali nao, nao moto wa savana ni mwingi Afrika kuliko bara lolote, kwa hiyo ongeza makadirio ya maeneo yaliyoungua. Baadaye linganisha jumla yako na makadirio yanayotokana na hewa yenyewe, kama ile inayopimwa katika kituo cha Mlima Kenya au na OCO-2, satelaiti ya kupima hewa ukaa iliyorushwa mwaka 2014, ambayo mawingu ya Kongo huiziba mara kwa mara. Pande mbili zikitofautiana, zichore mwezi kwa mwezi, uanze kuchunguza miezi ya mvua za kwanza, na tofauti isiyoondoka uichapishe pamoja na ramani.