Usiimiminie Chai ya Kijani Maji Yanayotokota

Kila msimu wakulima wanaochuma chai inayojiotea porini huniletea lalamiko lile lile: chai ni chungu, inakwaruza koo, mnunuzi kaonja akarudisha kikombe. Hapo huanza kutafuta kosa kwenye mti au kwenye kikaango. Wengine hupunguza muda wa kukaanga, majani yakawa mekundu kabla hayajakauka, na mzigo mzima ukapotea. Majani yale hayakuwa na tatizo hata kidogo. Maji yalitoka motoni yakitokota, yakamiminwa moja kwa moja juu ya majani, birika likafunikwa na kusahaulika.

Kuchuma, kukaanga, kusokota na kukausha mnakujua, sitarudia.

Uchungu na ukakasi wa chai hutokana zaidi na kafeini na katekini (kemikali za jani la chai zinazoleta ukakasi), na zote mbili hutoka kwa kasi maji yanapokaribia kuchemka. Utamu wake hutokana na asidi amino, hasa theanini, ambayo hutoka vizuri hata kwenye maji yaliyopoa kiasi. Joto likizidi, uchungu unaufunika utamu wote. Kwenye chai mwitu kosa hili huonekana zaidi, kwa sababu miti mingi ya porini ni ya jamii ya assamica, yenye majani mapana na katekini nyingi.

Vipimo ni hivi: gramu 3 za majani makavu, mililita 200 za maji, nyuzi joto 75, dakika 2. Kisha chuja maji yote, tone la mwisho. Dakika 2 zihesabiwe kwa saa, si muda wa kwenda kufunga mbuzi ukarudi.

Msipime kwa kijiko. Nimelisema hili mpaka nimechoka. Jani la mwitu ni kubwa na likikunjwa huacha nafasi tupu. Kijiko kimoja huenda kikabeba gramu 1 tu, ilhali kijiko hicho hicho cha chai iliyovunjikavunjika kikabeba mara mbili au zaidi. Tafuteni mizani ndogo.

Asiye na kipimajoto ahamishe maji. Maji yaliyochemka yakimiminwa kwenye chombo kisichopashwa moto hupoteza takriban nyuzi 10. Yatoe kwenye sufuria hadi kwenye jagi, kutoka jagi hadi kwenye vikombe, ndipo uyatie kwenye birika lenye majani. Walio milimani wakumbuke kwamba maji yao huchemka kwa joto la chini: kila mita 300 za mwinuko hupunguza karibu nyuzi 1, hivyo kwenye mita 1,800 huchemka yakiwa nyuzi 94 hivi. Kwao kuhamisha mara mbili kunatosha.

Mtaniambia waonjaji wa kitaalamu hutumia maji yanayochemka. Kweli. Kiwango cha kimataifa cha kuandaa chai ya kuonjwa, ISO 3103, kinataka gramu 2 kwa kila mililita 100, maji yanayochemka, dakika 6. Lakini wao wanataka kila kasoro ijitokeze ili walinganishe chai na chai. Hawapiki ya kunywa. Mnunuzi akitaka kuonja kwa utaratibu huo, mwacheni aandae mwenyewe. Mnapomkaribisha kikombe, mpeni chai ya nyuzi 75.

Ikikubali, rangi huwa kijani-manjano hafifu na utamu hubaki ulimini.

Majani hayo hayo yarudieni. Mkupuo wa pili tumieni nyuzi 80 hadi 85 kwa dakika 1, kwa kuwa jani limeshalainika na hutoa haraka. Wa tatu unaweza kufika nyuzi 90, dakika 2 hadi 3. Majani yaliyolala na maji usiku kucha mwageni.

Na kwenye kila pakiti andikeni gramu, mililita, nyuzi joto na dakika, kwa herufi kubwa, upande wa mbele. Mnunuzi asiyeelekezwa atachemsha tu, kisha atailaumu chai yenu.