Jinsi ya Kuomba Kubadilisha Redio Koli Chakavu za Kikosi: Anza na Masafa, Redio Zitafuata

Kikosi chetu cha polisi wasaidizi hapa Mtwara kilikuwa na redio koli ambazo askari wa zamu ya usiku walizifunga betri kwa mpira wa baiskeli, na ripita, yaani mtambo wa mnarani unaopokea mawimbi ya redio na kuyarusha tena ili yafike mbali, ambayo kiungio cha antena yake kilikuwa kimeliwa na chumvi ya bahari hadi kikageuka unga wa kijani. Nilipokabidhiwa faili la kuzibadilisha nilidhani ni kazi ya robo moja ya mwaka. Ilichukua robo tatu, na sehemu kubwa ya ucheleweshaji huo niliusababisha mwenyewe.

Dokezo sabili, yaani maombi ya ndani ya ofisi, kwa Afisa Masuuli anayeidhinisha matumizi, kila mtu anajua kuliandika, hivyo sitalirudia. Nitasema tu kwamba maneno “redio ni mbovu” hayatoshi. Tulitembea na redio moja kutoka Shangani hadi Naliendele, kisha Mikindani, tukiita kituo kila baada ya kilomita moja na kuandika kilichosikika. Karatasi hiyo iliyolowa jasho ndiyo iliyopitisha dokezo. Sentensi zangu za kupendeza hakuna aliyeziulizia.

Hatua iliyonigharimu ni ya masafa, yaani mawimbi ambayo redio zenu huruhusiwa kutumia, nami naomba uisome mara mbili. Leseni ya masafa hutolewa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na haihusu namba ya masafa peke yake, bali pia jinsi unavyorusha na mahali unaporushia. Leseni yetu ya zamani ilikuwa ya analojia, chaneli ya kilohezi 25, yenye alama 16K0F3E, ambayo hutaja upana na aina ya urushaji. Redio tulizozitaka ni za dijitali za mfumo wa DMR, ambao hutumia chaneli ya kilohezi 12.5 na kuigawa katika zamu mbili, hivyo mazungumzo mawili hupita kwa wakati mmoja. Alama yake kwa sauti ni 7K60FXE. Kuwasha redio hizo kwa leseni ya zamani ni sawa na kuendesha Fuso kwa leseni ya bodaboda. Omba marekebisho kwanza, ndipo uzungumze na muuzaji.

Fomu itakudai pia mahali hasa ulipo mnara. Nilisoma latitudo 10.27 na longitudo 40.18 kwenye simu, nikazinakili bila alama ya kutoa mbele ya latitudo. Bila alama hiyo ndogo, mnara wa Mtwara unavuka ikweta na kusimama Ethiopia. Maombi yalirudi baada ya wiki tano, na afisa aliyenipigia aliuliza kwa upole kama kikosi kimehamishwa. Simama chini ya mnara wenyewe, si ofisini, andika vipimo, kisha mpe mwenzako avihakiki kwenye ramani. Kimo cha antena kutoka ardhini na kimo cha eneo kutoka usawa wa bahari ni vitu viwili, usivijumlishe.

Jeraha la pili lilitokana na hati ya kuidhinishwa kwa aina ya kifaa. Muuzaji alituonyesha hati safi, yenye muhuri, lakini ilikuwa ya toleo la UHF, megahezi 400 hadi 470, ilhali sisi tuko VHF, masafa ya chini zaidi. Jina la redio lilikuwa lile lile. Tofauti ilikuwa herufi moja mwishoni mwa namba ya modeli. Soma hadi herufi ya mwisho, hata kama muuzaji anakutazama kwa masikitiko.

Zabuni ya NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi ya mtandaoni, wataishughulikia watu wa ugavi. Kazi yako ni vigezo, ambavyo huandikwa bila kutaja chapa. Dai redio zinazoweza kufanya kazi kwa analojia na dijitali, ili zilizobaki zisinyamaze wakati wa kuhama. Dai kiwango cha IP67, cha kuzuia vumbi na maji, kwa sababu masika yetu hayana huruma. Dai boliti za chuma kisichoshika kutu na waya wa radi unaofika ardhini. Zaidi ya yote, andika kwamba kebo na programu ya kuseti chaneli ni sehemu ya manunuzi. Tuliisahau kwenye rasimu ya kwanza, na tungeipitisha hivyo, kila askari mpya angekuwa safari ya fundi kutoka Dar es Salaam, pamoja na posho yake. Ada ya mwaka ya leseni nayo iingie kwenye bajeti mapema, kwa kuwa namba ya malipo haingoji kikao.

Redio mpya zikifika, usiziache za zamani kwenye kabati huku ukisubiri taratibu za kufuta mali. Futa chaneli zake siku hiyo hiyo na uandikishe namba zake. Yetu moja ilibaki na chaji, na kwa muda wa wiki nzima kituo kilipokea salamu za kijana wa stoo aliyekuwa akijaribu kama bado inaita.