Kuwamba skrini ya filamu fupi shambani mwa zabibu, Dodoma

Mimi ni fundi cherehani, Dodoma mjini. Wenzangu walinifuata wakitafuta mtu wa kuwashonea skrini, na tangu siku hiyo nimo kwenye kundi linalojitolea kuonyesha filamu fupi za vijana wa kanda yetu kwenye mashamba na viwanda vya mvinyo, upande wa Hombolo na Mpunguzi. Hakuna anayelipwa. Ukiniuliza uanzie wapi, nitakwambia uanze na upepo. Mengine yote yanafuata hapo.

Zanzibar wamekuwa wakionyesha filamu chini ya nyota tangu 1998, kwenye Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi, na kule Ngome Kongwe kuta za mawe zinawakinga. Shamba la zabibu halina ukuta. Mizabibu ni mifupi, imetambazwa kwenye waya, na kiangazi cha Dodoma kina upepo unaoweza kuendelea hadi usiku. Ukisimamisha kitambaa cha mita kadhaa hapo, umetweka tanga.

Skrini yetu ina upana wa mita 4.8 na kimo cha mita 2.7. Usitumie marekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa. Rangi yake ya maziwa inafanya nyuso za watu zionekane za wagonjwa. Chukua tetroni nyeupe nzito, ile ya mashati ya shule, yenye upana wa mita moja na nusu. Unganisha vipande viwili kwa mshono mmoja wa kulala, unaopita katikati kutoka kushoto hadi kulia, kisha upige pasi mpaka ulale kabisa. Kinachobaki juu na chini ni pindo, na pindo liwe nene kwa sababu ndilo linalobeba mvuto wote. Nyuma shonea kitambaa cheusi cha kipimo hichohicho ili mwanga usipenye. Nunua mita 10 na nusu za kila rangi.

Pembeni piga matundu yenye ringi za chuma, moja kila sentimita 30. Sasa sikiliza hapa: usifunge kitambaa kwenye fremu kwa kamba. Kata tyubu kuukuu za baiskeli vipande vyembamba, ufungie hivyo. Upepo ukisukuma, mpira unavutika, kitambaa kinarudi nyuma kidogo halafu kinakaa sawa tena. Kamba haivutiki, kwa hiyo kinachoachia ni ringi au mshono. Nimeshona viraka vya kutosha kulijua hilo.

Fremu ni mabomba ya chuma, na ukingo wa chini wa skrini uwe juu ya ardhi zaidi ya mita moja, la sivyo waliokaa nyuma wataona visogo tu. Kila upande ishikwe na kamba mbili za mbele na mbili za nyuma, zifungwe kwenye vipande vya nondo vya sentimita 80 vilivyopigwa ardhini kwa kulaza, na viroba vya mchanga viwekwe miguuni. Mwaka wa kwanza tulifunga kamba mbili kwenye nguzo za mizabibu kwa kuwa zilikuwa karibu. Upepo mmoja mkali ukang'oa nguzo, waya ukalala, na mizabibu iliyokuwa imebeba ikaenda nao chini. Mwenye shamba hakutufokea. Alisimama tu akiutazama mstari wake, na mimi mpaka leo sijaisahau sura ile. Tulirudi Jumatatu tukasimamisha nguzo mpya kwa gharama yetu. Mizabibu usiiguse.

Uso wa skrini uelekeze kaskazini au kusini. Upepo wetu wa kiangazi hutoka zaidi mashariki, hivyo utakuta ubavu wa skrini badala ya uso, na mwanga wa magharibi baada ya jua kuzama hautaifubaza picha. Anza saa 1:15 usiku, giza likiwa limeshika. Chagua wiki ambayo mwezi haujakua.

Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya Februari na Machi yanaangukia kwenye mvua, kwa hiyo sisi tunasubiri yale ya Agosti na Septemba yaishe. Wakati huo malori ya zabibu yametulia, na wavunaji wana nguvu ya kukaa na kutazama. Hata hivyo muulize mwenye shamba kama ana mpango wa kupiga salfa, dawa ya unga ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mizabibu), wiki hiyo. Unga ule ukiwa bado kwenye majani, watu watakohoa usiku kucha.

Vibali vianze miezi kabla. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani, kwa hiyo zipeleke Bodi ya Filamu zote, hata ya dakika tatu. Serikali ya kijiji ipate barua, na kila mtengenezaji filamu akupe ruhusa ya maandishi.

Projekta yenye mwanga wa lumeni 5,000 inatosha kwa skrini ya kipimo hiki. Iwekee UPS, yaani betri ya akiba, kwa sababu jenereta ikizima ghafla taa ya moto inakosa feni ya kuipoza. Jenereta yenyewe ikae mita 40 au zaidi, upande unakoelekea upepo, na iwe na mtu wake asiyeondoka. Filamu zote ziunganishe kwenye faili moja na usawazishe sauti nyumbani, maana kila kijana amerekodi kwa kiwango chake. Jumla isizidi dakika 75.

Mstari wa mbele ni mikeka, na ni wa watoto wa kijiji na wavunaji. Wageni wa kutoka mjini wanaoonja mvinyo wakae kwenye viti nyuma yao. Hili silegezi. Tukionyesha filamu ya Kigogo, bibi wa pale ndio wanaocheka wa kwanza, na wa mjini wanacheka kwa kuwafuata. Watoto wapate juisi ya zabibu. Kwa waliokunywa, kodi Coaster ya kuwarudisha, na tangaza saa ya kuondoka kabla filamu ya kwanza haijaanza.

Mwisho wa usiku usikunje skrini, izungushe kwenye bomba. Doa la mvinyo mwekundu litie maji baridi palepale. Kisha shika tochi uhesabu nondo. Ulipiga nane, ziondoke nane, maana alfajiri wenye shamba watapita hapo, wengine na ndala.