Mbegu Moja Shamba Zima ni Hatari: Jinsi ya Kutunza Tofauti za Vinasaba

Ugonjwa ukipita shambani, ni nadra kuua kila kitu. Kwenye mahindi yaliyokauka majani utakuta mashina machache yamesimama kijani. Kwenye banda la kuku waliougua, wapo wasioguswa. Wakati mwingine ni bahati tu. Lakini mara nyingi sababu imo kwenye vinasaba (au jeni), yaani maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya kila kiumbe: mimea au wanyama wa jamii moja hawafanani kwa ndani, na badiliko dogo kwenye jeni moja laweza kuamua nani ataugua na nani atapona. Tofauti hizo ni mali ya mkulima, na hupotea bila yeye kuona.

Hazionekani zikipotea kwa sababu shamba la aina moja hupendeza. Linakomaa pamoja, linavunwa kwa mkupuo, na wanunuzi wanalipenda. Vimelea navyo vinalipenda, kwani kinachoweza kushambulia mmea mmoja kimekwisha kuiweza yote. Mfano wa viazi vya Ireland unajulikana. Kiazi hupandwa kwa kiazi chenyewe, kwa hiyo mimea ya aina moja ni nakala za mmea mmoja. Maskini wa nchi hiyo walitegemea sana aina iitwayo Lumper, na ukungu ulipoingia mwaka 1845 haukukuta kizuizi. Watu wapatao milioni 1 walikufa kwa njaa na maradhi katika miaka iliyofuata.

Mfano wa Marekani wa mwaka 1970 unanitisha zaidi, maana wakulima wale walidhani wana aina nyingi. Majina kwenye mifuko ya mbegu yalikuwa mengi, ila zaidi ya asilimia 80 ya mahindi yote yalikuwa yamerithi vinasaba vilevile vya upande wa mama, vilivyotumika kurahisisha utengenezaji wa chotara. Kuvu wa namna mpya akavipata hivyohivyo, na karibu asilimia 15 ya mavuno ya mahindi ya nchi ikapotea. Kwa hiyo ukinunua mbegu za majina matatu, muulize afisa ugani kama zina ukoo mmoja, na kila moja inastahimili ugonjwa gani.

Vimelea nao wana tofauti zao, na huzaliana upesi kuliko mazao. Jeni ya ngano iitwayo Sr31 ilizuia kutu ya shina, ugonjwa wa kuvu, kwa miaka mingi, hadi mwaka 1998 kutu iliyopewa jina Ug99 ilipoonekana Uganda na kuivuka kinga hiyo. Neno "inastahimili" kwenye mfuko wa mbegu halina maana ya milele. Ndivyo ilivyo kwa dawa za wadudu, kupe na minyoo: wachache wanaonusurika ndio wanaozaa kizazi kijacho. Usipunguze kipimo, na unapobadilisha dawa badilisha kundi la kiambato, yaani ile kemikali inayoua. Chupa mbili zenye majina tofauti huenda zina kitu kilekile ndani.

Njia rahisi ya kujikinga ni kupanda aina mbili au tatu zenye kinga tofauti. Huko Yunnan, China, wakulima walichanganya mistari ya mpunga unaoshambuliwa na ugonjwa wa kuvu uitwao blasti pamoja na mpunga unaoustahimili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba makali ya ugonjwa kwenye ule mpunga dhaifu yalipungua kwa asilimia 94. Chagua aina zinazokomaa kwa muda unaokaribiana. Kama mnunuzi wako anataka zao la aina moja, panda kila aina kwenye kipande chake badala ya kuchanganya mistari.

Ukitunza mbegu mwenyewe, angalia zao linachavushwaje. Maharage hujichavusha, hivyo mbegu hubaki karibu na asili yake. Mahindi hupokea chavua ya jirani kupitia upepo. Umbali wa mita 200 kutoka shamba la aina nyingine husaidia sana. Kosa la kawaida ni kuchagua magunzi matano manene kuliko yote na kuyafanya mbegu ya mwaka mzima. Hapo umetupa baadhi ya tofauti ulizokuwa nazo, hasa zile adimu. Chukua gunzi moja moja kutoka mimea 100 au zaidi, katikati ya shamba, ukiiwekea alama mimea mizima tangu ikiwa bado imesimama. Mbegu za chotara usizirudishe shambani, maana kizazi cha pili huchanganyikana na mavuno hushuka.

Kwa mifugo, tatizo kubwa ni uchache wa madume. Jogoo mmoja akipanda matetea 20, kwa hesabu ya tofauti za vinasaba kundi hilo ni sawa na kuku wasiofika 4 wanaozaliana, nusu majogoo na nusu matetea. Ukiwa na majogoo wanne, linafikia 13. Na jogoo akipanda binti zake, kila jeni ya kifaranga ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuwa nakala ileile kutoka pande zote mbili. Ndipo kasoro zilizojificha hujitokeza, mayai hayaanguliwi na vifaranga hudumaa. Mtoe dume kabla binti zake hawajakomaa, badilishana na mfugaji ambaye kuku wake hawana ukoo na wako, na uandike nani kazaa nani. Daftari la kawaida latosha.

Usiharakishe kufuta mifugo ya asili kwa sababu ni midogo. Ng'ombe wa N'Dama wa Afrika Magharibi huvumilia nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, na kondoo wekundu wa Kimaasai huhimili minyoo ya tumboni kuliko mifugo mingi ya kigeni. Damu hiyo ikiisha hainunuliki. Mbegu nazo zina akiba kwenye benki za jeni, yaani maghala ya kuhifadhi mbegu, likiwemo ghala la Svalbard, Norway, lililofunguliwa mwaka 2008, lakini mbegu iliyogandishwa haijifunzi ugonjwa mpya. Hivyo unapojaribu aina mpya, acha kipande kidogo cha ile ya zamani, ukipande kila msimu, na mbegu yake uikaushe vizuri na kuihifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa, chenye jina na mwaka.