Namna ya kuomba barabara ya mtaa ipanuliwe

Kwanza jua barabara ni ya nani. Hapa Mwanza barabara kubwa, kama ya Nyerere inayotoka mjini kwenda Igoma na Musoma, au ya Kenyatta inayopita Mkolani na Buhongwa, ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mkoa. Nyingi za kuingia mitaani ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza mwaka 2017. Wapo ambao mpaka leo wanapeleka barua halmashauri kwa mazoea ya zamani, nayo inazunguka mezani kwa watu wasiohusika. Muulize mtendaji wa kata kabla hujashika kalamu.

Mimi ni fundi cherehani upande wa Ilemela, na kibanda changu kiko kando ya barabara inayoshuka mwaloni, yaani ufukweni wanaposhushia samaki. Upande mmoja kuna jabali, upande wa pili mtaro usio na mfuniko. Alfajiri Fuso za dagaa zinapanda, bodaboda zinashuka, na watoto wa shule wanapita hapohapo. Nimewahi kuacha nguo ya mteja kwenye mashine nikakimbia kumtoa mtoto mtaroni. Haya ninayoyaeleza tumeyafanya mimi na majirani zangu.

Pimeni. Ukisema tu barabara ni nyembamba, mhandisi hana cha kushika. Tuliazima futi ya fundi ujenzi, na penye jabali tukapata mita 4.2. Fuso moja lina upana wa karibu mita 2.5, kwa hiyo mawili hayapishani, na mwenye miguu hana pa kusimama. Hesabuni pia magari, pikipiki na watoto wanaopita kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, siku ya kawaida na siku ya gulio. Ajali ziandikwe tarehe, mahali na kilichotokea, bila majina ya majeruhi. Picha pigeni wakati wa mvua za vuli, mtaro unapofurika na kumwagika barabarani.

Mkutano wa mtaa uitishwe na mwenyekiti wenu, maana muhtasari wake ndio unaoipa barua uzito. Chagueni siku kwa akili. Jumamosi Wasabato wako kanisani. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza kwa taa, hivyo mkitaka wawepo subirini mbalamwezi, wakati wengi wanakuwa nyumbani. Sisi tulikutana Jumapili alasiri mwezi ukiwa mpevu, na watu wa mwaloni walikuja wengi kuliko nilivyotegemea.

Sasa saini, na hapa ndipo ombi linapofia. Ni rahisi kujaza karatasi kwa saini za wanaopita tu. Anzeni na wale ambao uzio wao utaguswa. Wakisikia habari hii kwa mtu mwingine, watasimama mkutanoni kuipinga, na watakuwa na haki. Nenda nyumbani kwa mtu, kaa, mweleze. Mayu mmoja (mama, kwa Kisukuma) jirani yangu aliniuliza, "Mwanangu, ukuta huu nimeujenga kwa kuuza sato, nani atanirudishia?" Sikumwahidi kitu, kwa sababu fidia haiahidiwi na fundi cherehani. Nilimweleza ninachojua: ardhi ikitwaliwa kihalali kwa mradi wa umma, sheria inataka mwenye haki alipwe thamani ya ardhi na maendelezo yake, pamoja na posho kama za usumbufu na usafiri. Lakini aliyejenga ndani ya hifadhi ya barabara, yaani eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara, yuko mahali pagumu. Kwa barabara kuu na za mkoa, hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati, baada ya kuongezwa kutoka mita 22.5. Ndiyo maana watu wanatofautisha alama ya X nyekundu, ya kuondoka bila fidia, na ya kijani, ya kusubiri kulipwa. Mayu alifikiri siku kadhaa, kisha akaweka dole gumba. Atakayeamua kutoa kipande cha kiwanja bure, aandike mwenyewe mbele ya mwenyekiti, na mita zitajwe. Asishinikizwe mtu.

Kila karatasi ya saini iwe na kichwa cha ombi juu yake. Karatasi tupu yenye majina inaweza kubandikwa kwenye jambo lolote.

Barua yenyewe iwe fupi, ukurasa mmoja: kwa Meneja wa TARURA wa wilaya, K.K. (kupitia kwa) mtendaji wa kata, nakala kwa diwani, mbunge na mkuu wa wilaya. Taja inaanzia wapi na kuishia wapi, vipimo, ajali, na mnachoomba. Ombeni njia ya waenda kwa miguu humohumo, kwa sababu barabara ikiwa pana bila njia hiyo magari yataongeza mwendo na watoto watabaki palepale. Ambatanisheni muhtasari, saini na picha. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa masijala.

Matuta, alama za barabarani na mifuniko ya mtaro viombeni kwa barua nyingine. Mkichanganya, mtawekewa tuta moja na ombi litahesabiwa limejibiwa. Fedha za Mfuko wa Barabara kwa sehemu kubwa ni za matengenezo, na kupanua ni mradi wa maendeleo unaohitaji kuingia kwenye bajeti. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na Bunge la bajeti linaanza Aprili, lakini mipango inapangwa miezi mingi kabla. Barua ya Mei imechelewa. Lengeni Oktoba.

Kisha mfuateni diwani. Suala lipite Kamati ya Maendeleo ya Kata, liingie Baraza la Madiwani. Vikao vya baraza viko wazi kwa wananchi, nendeni mkakae. Kama barabara ni ya TANROADS, mbunge aifikishe Bodi ya Barabara ya Mkoa.

Wakinyamaza, andikeni barua ya kuomba taarifa kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inampa mhusika siku 30 kujibu. Ulizeni mambo mawili: barabara imo kwenye mpango wa mwaka gani, na imetengewa kiasi gani. Faili akae nalo mtu asiyegombea cheo chochote, na nakala kamili iwe nyumba nyingine.