Kuomba hela ya NCI (taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani) kwa teknolojia ya saratani ambayo bado changa

Kama una wazo la kifaa au njia mpya ya kupima saratani na bado halijajaribiwa vizuri, cheki IMAT, programu ya ruzuku ya NCI kule Marekani, ipo toka 1998, na ujue wanataka teknolojia yenyewe, sio utafiti wa kawaida wa baiolojia. Mawazo machanga yanaingia aina ya ruzuku inayoitwa R61, hapo data za awali sio lazima, yaliyokomaa yanaenda R33. Sasa kaza kwenye malengo: usiandike "tutaboresha kipimo", andika kitakamata seli 5 za saratani kwenye mililita 1 ya damu, mara 9 kati ya 10. Bila namba wanakuona mbabaishaji tu. Usajili wa SAM.gov (tovuti ya serikali ya Marekani ya kusajili taasisi zinazoomba hela) na eRA Commons (mfumo wao wa kufuatilia maombi ya ruzuku) anza mapema, unaweza kula wiki 6 aisee.