Nyumba ya familia, kituo cha mwendokasi na mwekezaji mlangoni

Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze kazi Dar es Salaam Mei 2016, nyumba za Kiswahili za Magomeni, Mwembechai na Manzese hazikauki wageni. Anatangulia dalali, anafuata mwekezaji, na maneno ni yaleyale: "Mama, wewe una kiwanja, mimi nina pesa. Tupandishe ghorofa, tugawane." Ndio ubia uliobadilisha sura ya Kariakoo. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Magomeni, na familia nyingi hunifikia zikiwa zimeshasaini. Haya nawaandikia ambao bado.

Kama shida haijakubana koo, usiuze. Anayelala Magomeni Mapipa anafika Kariakoo au Posta kwa basi moja, na hicho ndicho mwekezaji anachokitafuta. Kuta za babu hazitaki, atazibomoa wiki ya kwanza. Basi ukikubali ubia, ingia ukijua kwamba kitu chenye thamani zaidi mezani ni chako.

Anza na jina lililo kwenye karatasi. Mara nyingi ni la marehemu. Fungueni mirathi mahakamani kwanza, mpate msimamizi, na mkumbuke kwamba msimamizi anasimamia tu, mali ni ya warithi wote. Mpigieni simu hadi shangazi aliyeolewa Tanga. Andikeni muhtasari wa kikao, kila mmoja asaini. Na kama mwenye nyumba yu hai na ana mwenza, Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu kuiuza, kuipangisha wala kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mume anayeniambia "mke wangu hana neno" namwomba aje naye.

Kisha tazama karatasi yenyewe. Leseni ya makazi haizidi miaka 5, ghorofa huwezi kuliegemeza hapo. Inatakiwa hati miliki, ambayo huwa ya miaka 33, 66 au 99. Nenda ofisi ya ardhi ya manispaa yako (Magomeni ni Kinondoni, Manzese ni Ubungo) uulize mambo mawili: mchoro wa mipango miji unaruhusu nini kwenye kiwanja chako, na hifadhi ya barabara inaishia wapi. La pili msilipuuze. Mwaka 2017 nyumba nyingi za kuanzia Kimara hadi Kiluvya zilibomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya Barabara ya Morogoro.

Ikiwa anayekitaka kiwanja ni serikali, kwa ajili ya kituo au karakana, hapo hakuna ubia, kuna fidia. Kanuni za fidia za 2001 hazihesabu nyumba peke yake: kuna thamani ya ardhi, posho ya usumbufu, usafiri wa tani 12 za mizigo hadi kilomita 20, pango la miezi 36, na faida iliyopotea kama unafanya biashara hapo. Mthamini akija, muoneshe kisima, choo cha uani, mwembe na genge lako. Chukua nakala ya fomu kabla hajaondoka.

Sasa mkataba wa ubia, ambao ndio roho ya jambo lote. Tafuta wakili wako mwenyewe, asiwe yule aliyeletwa na mwekezaji. Sentensi kama "mwenye kiwanja atapata fleti nne" usiikubali. Zipi? Ghorofa ya ngapi, mita za mraba ngapi, zinatazama wapi? Ziandikwe kwa namba kama zilivyo kwenye ramani, na ramani iambatishwe. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 inawezesha kila fleti kuwa na hati yake, pamoja na sehemu yako katika ngazi, paa na uwanja. Dai hati hizo zitoke kwa majina yenu, na tarehe ya kuzikabidhi iandikwe.

Fremu za maduka za ghorofa ya chini usimwachie mbia zote. Simama kituoni saa kumi na moja jioni uangalie watu wanashukia wapi na wanapita upande gani kwenda makwao. Fremu inayotazama njia hiyo, kwa kodi na kilemba chake, inaweza kuwalisha wajukuu. Nasikitika kila nikiona mbele ya jengo jipya pamefanywa maegesho ya magari wakati basi linasimama ng'ambo ya barabara.

Hati ya kiwanja isitoke ovyo mikononi mwenu. Mbia akitaka kukopea benki kwa hati hiyo, masharti yaandikwe na warithi wote waridhie, maana akishindwa kulipa, kinachopigwa mnada ni kiwanja chenu. Omba kuona kibali cha ujenzi na usajili wa mkandarasi na mhandisi. Ghorofa lililoporomoka Kariakoo Novemba 2024 liliua watu, na hilo linatosha.

Weka pia muda, na adhabu ya kuuvuka. Wakazi wa Magomeni Kota, kaya 644, walikabidhiwa maghorofa yao na serikali Machi 2022 baada ya kusubiri miaka mingi. Wewe unasubiri mtu binafsi, kwa hiyo mkataba useme nani analipa pango lenu hadi siku ya kukabidhiwa funguo, na kwamba malipo hayakatiki ujenzi ukisimama.

Mwisho, wapangaji. Nyumba ya vyumba sita ina familia sita, mama ntilie barazani na fundi cherehani ukumbini. Wapeni taarifa ya maandishi mapema, rudisheni kodi ya miezi isiyokaliwa, na mwombeni mbia atenge vyumba vidogo vya bei wanayoiweza, ili wenye kutaka kurudi warudi. Kipengele hicho kiingizwe kwenye rasimu ya kwanza, kabla hesabu za mbia hazijafungwa.